Mpira wa Maji na Chuo cha Simu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koleo asubuhi, na kabla ya saa sita mchana nikanyang'anywa. Hiyo ilikuwa Kilembe, wakati mgodi wa shaba ungali ukifanya kazi na bonde lile jembamba limejaa nyumba za wafanyakazi, safu juu ya safu, kila nyumba ikidai paa, plasta au choo. Mimi nilikuwa kijana wa Kasese mjini, mtoto wa dereva wa lori, na niliamini kwamba kuchanganya saruji hakuhitaji akili. Nikamwaga maji, yakazidi. Nikaongeza mchanga, ukazidi. Nikarudi tena kwenye maji.

Msimamizi wa Nyumba aliwahi kuwa askari na alitembea kama yuko gwaride bado. Akaja akasimama juu ya kichwa changu.

"Wewe! Hii iko saruji ama iko uji?"

"Saruji, afande."

"Kama iko uji, kunywa."

Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alinipokonya koleo akanipa ncha ya mpira wa maji, na huo ndio uliokuwa mwanzo wangu halisi. Kwa vijana wasioujua: ni mpira mrefu unaopitisha mwanga, unaujaza maji, mmoja anashika ncha kwenye kona hii ya nyumba na mwingine kwenye kona ile. Maji ya ncha zote mbili husimama kwa kimo kimoja hata kama ardhi imepanda na kushuka katikati. Unapiga alama palipo na maji, na tayari umehamisha kimo kutoka kona hadi kona bila mashine yoyote.

"Toa hewa kwanza," aliniambia yule Msimamizi, akiupitisha mpira wote mkononi mwake kama mtu anayekamua utumbo. "Hewa ikibaki ndani, maji inakuambia uongo, na wewe unaandika uongo kwa ukuta. Umesikia?"

Nilisikia. Nilishika ncha ya mpira miezi minane kabla ya kurudishiwa koleo.

Kutoka Kilembe nilipelekwa Katwe kukarabati nyumba za watumishi karibu na ziwa la chumvi. Huko misumari ilioza upesi kuliko mbao. Mkuu wangu alikuwa Mkaguzi wa Majengo, mtu mfupi, mpole, mwenye tabia moja iliyowashangaza wageni: kila lori la mchanga lililofika, alichukua punje chache akaziweka ulimini. Mchanga wenye chumvi ukiingia ukutani hutoa ungaunga mweupe, rangi ikavimba, plasta ikabanduka vipande vipande. Madereva walijaribu kumdanganya kwa kuchota mchanga karibu na ziwa ili wafupishe safari. Alionja, akatema, akamwambia dereva kwa upole, "Rudisha, ndugu yangu." Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na sikuwahi kuona lori lililobishana naye.

Baadaye nikawa mwalimu wa ujenzi katika chuo cha ufundi pale Kasese. Mkuu wa Chuo aliwakagua wanafunzi wangu kwa pua. "Mwalimu Zubairi, watoto wako wananuka chokaa," alisema, "naona umefundisha leo." Siku ambayo hawakunuka chochote aliniita ofisini kuuliza kama naumwa. Niliondoka hapo kwenda ofisi ya ujenzi ya wilaya, nikakagua misingi na mapaa hadi nilipofikia umri wa kustaafu, nikapewa saa ya mkononi na keki, nikaenda nyumbani.

Nilidumu nyumbani miezi mitatu. Mke wangu anasema ilikuwa mirefu kuliko miaka yote ya ndoa yetu, maana nilipima kila mlango na kumwambia ulivyopinda.

Hapo ndipo simu ilipopigwa. Aliyepiga ni Mkuu wa Idara ya Ujenzi wa chuo kikuu kimoja cha mbali, mama mwenye sauti iliyotulia. Walikuwa wameanza kufundisha shahada ya ujenzi kwa mtandao. Uchoraji wa ramani, makadirio ya vifaa, sheria za majengo, sayansi ya udongo, yote yanafundishwa kwenye simu au kompyuta, mwanafunzi akiwa kwao. Alihitaji mtu wa huku, msimamizi wa vitendo, awapeleke wanafunzi wa Kasese kwenye saiti, awatazame wakifanya kazi, kisha atie sahihi kwamba wanaweza.

Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza mmeshaijua. Ya pili, nilitaka kushuhudia kwa macho yangu mwenyewe upuuzi ule utakavyoanguka. Mtu awe mjenzi kwa kutazama kioo cha simu! Nilisema hivyo msikitini, nikasema sokoni, nikamwambia hata kinyozi wangu ambaye hakuuliza.

Wanafunzi walikuwa watano. Nitamtaja mmoja, Biira, mama wa watoto wawili kutoka Karambi. Alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi pale Bwera, karibu na mpaka, na alisoma chuo kikuu hapo hapo dukani, simu imeegemezwa kwenye makopo ya rangi, sikio moja kwa mhadhiri na jingine kwa wateja. Mumewe alikuwa dereva wa lori, nusu ya maisha yake ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kuhamia mji wenye chuo, alale bweni, awaachie nani watoto? Mtandao ndio mlango pekee aliokuwa nao. Nililijua hilo, na bado sikulainika.

Siku moja alikuja nyumbani kwangu Kasese akiwa amevimba macho.

"Mwalimu, nimeanguka mutihani."

"Ulikuwa mgumu?"

"Sikufanya. Nilichelewa saa nzima. Simu yangu ilikamata mtandao ya Kongo, saa yake ikarudi nyuma. Mimi nilijua iko saa tatu, kumbe iko saa nne. Kufungua, wao wameshafunga."

Mtu wa Kampala asingeelewa, lakini sisi tunaelewa. Ukiwa Bwera, mnara wa simu wa ng'ambo wakati mwingine una nguvu kuliko wetu, na kule saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu inavuka mpaka bila wewe kunyanyuka kitini. Wafanyabiashara wamekosa magari kwa sababu hiyo, maharusi wamesubiriwa. Biira alikosa mtihani wa mwisho wa mwaka.

Kanuni yao ilikuwa kali: anayekosa mtihani ule bila sababu iliyothibitishwa, anaondolewa. Mkuu wa Idara, kwa huruma yake, alimwahidi kumpa mtihani mwingine endapo msimamizi wa vitendo angeandika barua kabla ya Ijumaa. Barua ilitakiwa kuthibitisha mambo mawili: kwamba habari ya saa ni kweli, na kwamba mikono ya mwanafunzi huyu inaijua kazi. Bila barua, Biira amekwisha.

"La kwanza naweza kuandika hata sasa," nilimwambia. "La pili siwezi. Sijakuona ukifanya kitu cha maana. Umenitumia filamu, filamu, filamu. Je, simu inaonja mchanga?"

"Hapana, Mwalimu."

"Jumatano njoo Karambi. Wazazi wanajenga darasa, nimeombwa niwasimamie. Nitakuona pale."

"Wasingya, Mwalimu," akashukuru kwa Kikonzo, akaondoka haraka kabla sijabadilisha mawazo. Mke wangu aliyekuwa akipepeta mchele barazani akaanza kupepeta kwa hasira.

Jumatano ile kulikuwa na bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Wazazi walishuka na majembe na madumu ya maji kutoka pande zote za mlima, na wengine walibeba kokoto vichwani. Mahali penyewe ni mteremko, kama kila mahali Karambi. Mitaro ya msingi ilikuwa imekwisha kuchimbwa siku zilizotangulia. Siku hiyo tulipaswa kuhakiki pembe, kupigilia vigingi vya kimo ndani ya mtaro, na baada ya chakula cha mchana kumwaga zege. Kigingi cha kimo ndicho kinachomwambia fundi ajaze zege hadi wapi, na kikikosea zege nalo linakosea.

Nikampa Biira pembe. Alizipima kwa tatu, nne, tano, kama inavyotakiwa: futi tatu upande huu, nne upande ule, na mshazari ukitoka tano kamili basi pembe iko sawa. Kisha, bila kuambiwa, akapima mishazari miwili ya jengo zima kuona kama inalingana. Nilizunguka nyuma yake nikitafuta kosa kama ninavyotafuta miwani yangu, na sikuliona. Hilo liliniudhi kidogo.

Ilipofika zamu ya mpira wa maji alinyoosha mkono.

"Hapana," nikasema. "Wewe piga filamu yako upeleke kwa wakubwa wako. Mpira ni wangu."

Basi akaegemeza simu kwenye rundo la matofali, kwa chini, mahali mpira ulipokuwa unapanda kutoka kwenye mtaro. Mimi nikashika ncha moja na Fundi Kule, mwashi wa kijiji, akashika nyingine. Watu wote walikuwa wakinitazama, na lazima nikiri kwamba nilipenda kutazamwa. Tulifanya upesi, kona nne, vigingi vikaingia. "Mmeona?" nikawaambia wazazi. "Hii haihitaji mtandao." Wakapiga makofi.

Tukakaa kula bundu, ule ugali wa muhogo, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na maharage. Biira hakula. Alikuwa amejiinamia kivulini na simu yake, akiangalia filamu upya, kwa kuwa chuo chao kinawataka waikague wenyewe kabla ya kuituma. Nilimwona akirudisha nyuma, akitazama, akirudisha nyuma. Kisha akanyanyuka, akaja mpaka ubavuni kwangu, akachuchumaa ili wengine wasisikie.

"Mwalimu, kuja kidogo."

"Nakula."

"Nakuomba, Mwalimu. Kuja tu."

Nilimfuata nyuma ya rundo la mchanga. Leo naelewa alivyojihatarisha: alikuwa anakaribia kumwambia mzee mmoja kwamba amekosea, na ni mzee huyo huyo aliyeshika barua yake. Angenyamaza, zege lingemwagwa, nami pengine ningesaini jioni ile ile. Alinionyesha kioo. Kwenye filamu mpira wangu ulikuwa unang'aa juani, na katikati ya maji palikuwa na weupe mmoja, mrefu kama vidole vitatu.

"Hii iko hewa," akasema taratibu.

"Ni jua hilo."

"Jua haipandi, Mwalimu. Tazama. Mukisogeza mupira, yenyewe inapanda."

"Umeanza lini kunifundisha mimi mpira?"

Alirudisha filamu nyuma tena, akanishikisha simu, akainamisha uso. Nikatazama. Nikatazama mara ya pili. Weupe ule ulipanda.

Nitasema wazi nilivyojisikia: niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimeujaza mpira haraka haraka kutoka kwenye dumu, na macho yangu siku hizi hayaoni vizuri kitu kilicho mbali na mkono, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Kigingi cha kona ya chini kilikuwa kimezama kwa vidole vitatu. Zege lingekuwa jembamba mahali pale pale penye udongo laini kuliko pote, chini ya darasa la watoto, na juu ya mteremko ambao mvua yake haina adabu.

Sekunde kadhaa nilifikiri jambo baya. Nilifikiri ningeweza kwenda peke yangu, nijifanye nakagua, nikinyanyue kile kigingi kimya kimya, na filamu ikafutwa. Wala msinitazame hivyo, hata ninyi mtafikiri hivyo siku yenu ikifika. Lakini Biira alikuwa amesimama pale, na alikuwa ameniambia ukweli huku akijua unaweza kumgharimu chuo. Ningewezaje?

Nikarudi kwa wazazi, nikasimama.

"Jamani, tusimwage bado. Nimekosea kipimo. Huyu mama ameona, mimi sikuona. Tunapima upya, na safari hii anashika yeye."

Kisha bibi mmoja mwenye dumu akasema kwa sauti, "Afadhali, Mungu ashukuriwe. Bora mumesema mapema, kuliko tubomoe." Wakaanza kucheka, na Fundi Kule akanipiga begani, akaniambia, "Muzee, hata mie nilishika ile mupira, sikuona kitu." Aibu ikanishuka taratibu. Biira akaupitisha mpira wote mkononi, akaukamua, akainua ncha, akagonga kwa kidole mpaka maji yakawa safi. Tukapima. Kigingi kilikuwa kimezama vidole vitatu kasoro kidogo. Akakinyanyua yeye mwenyewe, na zege likamwagwa kabla ya saa kumi na moja.

Wakati watu wakiosha majembe alinijia tena.

"Mwalimu, nikate ile sehemu ya filamu? Wasikuone?"

"Usikate."

"Batakucheka."

"Waache wacheke. Wewe unataka shahada ya kujenga au shahada ya kuficha?"

Barua niliiandika pale pale, juu ya mfuko wa saruji, kwa mkono. Niliandika kwamba habari ya saa ya Kongo ni kweli, na mtu yeyote wa Bwera ataithibitisha. Kuhusu mikono yake niliandika hivi: "Ameona kosa langu kabla ya zege, akalisema. Sina jambo la kuongeza." Akaipiga picha, ikaenda. Alhamisi asubuhi Mkuu wa Idara alipiga simu: mtihani utarudiwa Jumatatu.

Jumatatu hiyo alifanyia mtihani sebuleni kwangu, Kasese, mbali na minara ya watu wengine. Niliweka saa yangu ya kustaafu mezani mbele yake, mke wangu akawafungia kuku, na mimi nikakaa nje mlangoni nikiwafukuza majirani. Sijawahi kuwa na wasiwasi vile, hata siku ya mtihani wangu mwenyewe. Baada ya majuma mawili alinipigia na hakuweza kusema, alikuwa analia tu, nami nikadhani ameanguka. Kumbe amepita. Nilipumua kwa nguvu, mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza nini kimepasuka.

Mkuu wa Idara naye alipiga. "Mzee Zubairi, tunakuomba ruhusa. Tungependa kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kile kipande cha filamu."

"Mnionyeshe mimi nikikosea? Kwa wanafunzi wote?"

"Ndiyo, mzee. Hatuna filamu nyingine inayoonyesha hewa ndani ya mpira namna hiyo."

Nikakubali. Sasa vijana wasionijua, katika miji nisiyoijua, wananiona nikijigamba na kigingi kibovu. Wajukuu wangu wameiona pia, na heshima yangu nyumbani ni ndogo kuliko ilivyokuwa.

Watu huniuliza, basi Mwalimu umegeuka, sasa unaupenda mtandao? Sijageuka sana. Bado naamini mjenzi ambaye hajawahi kuchafuka ni hatari, na chuo cha mtandaoni kisichokuwa na mtu wa karibu, mwenye saiti na mwenye ukali, kitatupa watu wenye vyeti safi na kuta mbovu. Simu haionji mchanga, narudia. Lakini mimi nilidhani mambo ni mawili tu, ama mkono ama kioo, na uchague. Siku ile Karambi mkono wangu ulidanganyika na kioo kikaona, na aliyetazama kioo alijua nini cha kutafuta kwa sababu mhadhiri wa mbali alimfundisha na mikono yake ilikuwa imekwisha kuugusa mpira katika mazoezi aliyonitumia kwa filamu. Chuo kile sasa kinatafuta wazee kama mimi kila wilaya. Nawashauri wakubali. Waende pia wakapimwe macho, kama nilivyofanya mimi.

Na kuna jambo jingine lililokuwa likinikosesha raha kwa muda mrefu. Niliogopa kwamba sisi tukiondoka, kazi inaondoka nasi. Nilipostaafu mara ya kwanza sikustaafu kweli, niliondoka ofisini tu, huku kila ukuta niliopita karibu nao ukiniita.

Msimu wa kiangazi uliofuata wazazi wa Karambi walianza darasa la pili, wakatuita sote. Nilifika mapema, nikavaa kofia yangu. Asubuhi ile Fundi Kule alitoka mtaroni mbio, jasho linamtiririka, na mimi nikaanza kunyanyuka nimsikilize.

"Jambo, Muzee," akanisalimu, akanipita, akaenda moja kwa moja kwa Biira. "Madamu, tumekuta jiwe kubwa kwa kona. Tuchimbe ama tuache?"

Biira akashuka mtaroni, akapiga jiwe kwa nyundo, akasikiliza, akachimbua udongo wa pembeni kwa vidole. "Lisiwe ni jiwe limelala peke yake tu, si mwamba," akasema. "Fungueni mpaka tuone mwisho wake, halafu nitawaambia."

Hivyo ndivyo ambavyo ningesema mimi. Lakini hakuna aliyegeuka kunitazama kama ninakubali, na sikuona haja ya kutikisa kichwa. Nikarudi nikakaa kwenye rundo la mbao. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa saiti na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa ananisubiri niseme kitu. Nikavua kofia, nikavua na viatu, nikanyoosha miguu juani.